Shikamoo ya Mtoto Mchanga

Mtaani kwetu Mbagala mtoto mchanga akitikisa kichwa tu, kila anayepita ni daktari. Muuza genge atakwambia huo ni mchango. Mama mwenye nyumba atauliza kama mtoto alikaa nje saa za magharibi, maana ndege wabaya hupita wakati huo. Fundi cherehani wa kibarazani atatoa jina la mzee fulani wa Kongowe ambaye "watoto wa namna hiyo anawaweza". Na kinyozi, ambaye hana mtoto hata mmoja, atasema bila kuinua macho kwenye mashine yake: "Kawaida hiyo. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo."

Ndugu msomaji, usimcheke kinyozi. Mara nyingi yeye ndiye anayepatia.

Watoto wachanga ni watu wa vituko. Dondosha sufuria karibu na mtoto wa mwezi mmoja uone. Atarusha mikono yote miwili kama golikipa, kisha ataikunja kifuani na kuanza kulia. Mshtuko huo una jina vitabuni, unaitwa Moro kwa jina la daktari Ernst Moro aliyeuandika mwaka 1918, na kwa kawaida huisha wenyewe mtoto akifika miezi minne hadi sita. Wengine wakiwa usingizini mikono na miguu inarukaruka kama samaki aliyetoka kwenye ndoo, lakini ukiwaamsha inaacha palepale. Wengine wakitafuta usingizi wanageuza kichwa kulia na kushoto mpaka nywele za kisogoni zinakatika. Wapo ambao maziwa yanawarudi kooni, basi wanajipinda mgongo na kukaza shingo kama watu waliomeza mwiba. Kidevu kinatetemeka, mkono unatetemeka, ukiushika unatulia. Wengi wa watoto hao hukua, huenda shule na kuanza kudai hela ya chipsi.

Shida ya mzazi iko hapo. Katika vituko vyote hivyo ishirini, kimoja si kituko. Na hicho kimoja hakija na king'ora. Kinakuja kimejivika mavazi ya vile vingine. Mzazi anabaki na hofu mbili mkononi, hofu ya kukimbilia hospitali kila siku hadi manesi wamchoke, na hofu ya kukaa nyumbani siku ambayo hakutakiwa kukaa.

Nataka kusimulia kimoja cha namna hiyo, kwa sababu kilipita uwani kwetu na kila mtu alikiona, tena tulikiitikia.

Dada yangu alijifungua Oktoba 2021. Uchungu ulichukua siku mbili, na mtoto alipotoka hakulia mara moja. Walimhangaikia kwanza, ndipo akalia. Baada ya hapo mambo yalikuwa poa. Mpwa wangu alinyonya, akanenepa, akafuata mwanga wa dirisha kwa macho. Alipofika miezi mitatu alianza kucheka, na alikuwa na cheko la dhuluma, yaani unapita zako na ndoo ya maji, unacheka mwenyewe huku maji yanamwagika. Wapangaji wote saba wa nyumba ile walikuwa wanapitia kwake kabla ya kwenda kazini, wapate cheko lao la siku.

Machi 2022, mvua za masika zikianza, ndipo alipoanza "kutusalimia".

Ilikuwa hivi. Akiamka usingizini, dada alimkalisha mapajani. Kichwa kilishuka mbele ghafla, kidevu kikagusa kifua. Papo hapo mikono ilifunguka pembeni, magoti yakapanda juu kuelekea tumboni. Sekunde moja, labda mbili. Kisha akaachia, akarudi sawa, akatuangalia kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Zikapita sekunde kama kumi, akainama tena. Halafu tena.

Mama mmoja mpangaji, muuza vitumbua, mwenye roho nzuri kuliko sisi sote, alikuwa wa kwanza kuona. Akaweka kikaango chini, akapiga makofi: "Jamani, ona mtoto anavyojua adabu! Ananipa shikamoo!" Akajibu kwa sauti: "Marahaba baba! Hujambo?"

Uwani kukawa na kicheko. Dada naye alicheka. Na kwa kweli ilifanana kabisa na mtoto wa shule anayeinamisha kichwa mbele ya mzee. Basi likawa jambo la kila siku. Asubuhi mtoto akiamka watu wanasogea kusalimiwa. Anainama, wanaitikia. Anainama, wanaitikia. Marahaba. Marahaba baba. Marahaba mume wangu.

Siku ya nane au ya tisa dada aliniita chumbani, akafunga mlango. Hakuwa analia. Alisema neno moja ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia baridi: "Hanicheki tena."

Nikaenda kupiga mluzi mbele ya uso wa mtoto. Nikafanya vile vichekesho vyangu vyote. Alinitazama, lakini ni kama alikuwa anaangalia ukuta ulioko nyuma yangu. Shingo aliyokuwa ameshaanza kuikaza imelegea. Akainama mara kumi na nne mfululizo. Mara hii hakuna aliyeitikia.

Zahanati ya kwanza waliandika dawa ya gesi. Mtoto alipofika pale alikuwa ametulia kama maji ya mtungini, hakuinama hata mara moja, na dada alipojaribu kuigiza kwa shingo yake mwenyewe alionekana kichekesho. "Anakunja tumbo huyo, mama. Ni mchango tu." Tukarudi na chupa. Muuza genge akasema si nilisema.

Chupa ilipoisha bila nafuu, majina mengine yakaanza kuingia nyumbani. Mama mkwe wa dada alikuja na kitambaa cheusi kilichofungwa mvuje, akamvalisha mtoto mkononi, na akampaka wanja kwenye paji la uso. Simlaumu. Alifanya alichofanyiwa yeye na mama yake. Jina alilolileta lilikuwa degedege.

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu neno hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kamusi zetu za zamani zinalipa maana mbili, nondo mkubwa anayeruka usiku, na ugonjwa wa watoto wa kukakamaa na kutetemeka. Maana hizo mbili ni za familia moja. Imani ya pwani ni kwamba mdudu huyo, au ndege huyo, au shetani aliyemo ndani yake, akipita juu ya mtoto basi mtoto hupatwa. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jinsi mtoto wa degedege alivyotibiwa. Kuna waliokojolewa na mama zao, kuna waliofukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Na kulikuwa na imani moja iliyoua wengi, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Kwa hiyo hospitali ilikuwa ya mwisho.

Sasa fikiria degedege lenyewe lilikuwa nini. Mara nyingi ni homa. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano akipandwa na homa kali anaweza kukakamaa na kutikisika mwili mzima, na hilo peke yake mara nyingi hupita bila kumwachia madhara. Lakini katika nchi yetu nyuma ya homa hiyo anaweza kuwa amejificha malaria iliyopanda kichwani, na hiyo haisubiri moshi uishe. Inahesabu saa. Jina lilimpeleka mtoto kwa mganga wakati vidudu viko kwenye damu. Sisemi wazee wetu walikuwa wajinga. Waliona sawasawa kwamba ugonjwa huu unakuja ghafla kama kitu kinachoruka. Ila jina lilikuwa na njia yake ndani, na ukilitamka tu miguu inafuata njia hiyo.

Mpwa wangu hakuwa na homa. Hakutetemeka mwili mzima. Mama mkwe alipoambiwa hivyo alifikiri kidogo, akasema basi ni degedege la baridi.

Aliyevunja mjadala ni bibi yetu mzaa baba. Alikuja kutoka Mahenge kuona kitukuu, hajui lolote la vurugu zetu. Tukampa shikamoo, akaitikia, akamchukua mtoto hata kabla hajavua viatu. Mtoto akainama. Bibi hakuitikia marahaba. Alimtazama hadi mfululizo ukaisha, midomo yake inatembea, na mimi nikadhani anasali. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Huyu anasinzia kichwa," alisema. "Mara ishirini na mbili. Mmempeleka wapi?"

Dada akamweleza kuhusu chupa ya gesi na kitambaa cha mvuje.

"Kwetu tulizika watoto waliokuwa wanasinzia kichwa," Bibi akasema. "Kichwa kinaanza kushuka wakati anakula ugali. Baadaye anaanguka. Siku nyingine anaanguka kwenye moto, na hakuna anayemgusa kwa kuogopa mate yake. Mimi nimekaa foleni ya kliniki ya kifafa, mume wangu. Nendeni hospitali kubwa. Kesho."

Nilipokuja kusoma baadaye nilikuta maneno ya Bibi yamo vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Alikuta watu wengi mno wenye kifafa, wengine wameungua, wengine wanaishi vibandani peke yao. Na miongoni mwa watoto aliona wale ambao kichwa kilikuwa kinashuka na kupanda. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari: amesinzia kichwa. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa kama huo ulipoonekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, wanasayansi walirudi kusoma maandishi ya Mahenge. Leo wanauhusisha na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mitoni, ingawa jinsi unavyofika kwenye ubongo bado inachunguzwa.

Ugonjwa huo wa Mahenge huanza kwa watoto wakubwa, kuanzia miaka mitatu na kuendelea, si kwa mtoto wa miezi mitano. Kwa hiyo jina la Bibi halikuwa jina la ugonjwa wa mpwa wangu. Lakini angalia tofauti yake na majina mengine. Mchango ulikuwa unasema sababu. Degedege lilikuwa linasema nani kafanya. Shikamoo ilikuwa inasema mtoto ana nia gani. "Anasinzia kichwa" halikusema lolote zaidi ya kile macho yanachokiona, kichwa kinashuka. Kwa sababu halikujidai kujua zaidi, liliacha mlango wazi wa kuuliza.

Kesho yake haikuwezekana, nauli na barua ya rufaa vilitutesa siku tatu. Siku hizo tatu dada alifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alichukua kiberiti, na kila mtoto alipoinama alitoa njiti moja akaitia kwenye kopo. Mfululizo ukiisha anafunga zile njiti kwa uzi, anaanza fungu jingine. Asubuhi kopo moja, mchana kopo jingine, usiku la tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa simu. Nilikaa pembeni ya kitanda alfajiri, kamera imewashwa, nikingoja mtoto aamke. Sijawahi kungoja kitu kwa namna ile, nakiomba kije ili nikipate na nakiomba kisije kabisa. Kilikuja. Nina dakika mbili na sekunde arobaini za video hiyo na sijaifuta.

Hospitalini mtoto alitulia tena, kama kawaida yake. Safari hii dada hakuigiza kwa shingo. Alitoa mfuko wa rambo, akapanga mafungu ya njiti mezani: hili la Jumatatu asubuhi, hili la Jumatatu mchana, hili la usiku. Nikaweka simu pembeni. Daktari, mama wa makamo aliyeonekana amechoka tangu jana yake, aliangalia video mara moja. Akairudisha mwanzo, akaiangalia tena. Akaacha kuandika.

Akamuuliza dada maswali ambayo ningependa kila mzazi ayajue kama anavyojua namba yake ya simu. Inakuja wakati gani? Akiamka. Moja moja au mfululizo? Mfululizo. Ukimshika inaacha? Haiachi. Inakuja kwa kelele, kwa kushtuliwa? Inakuja yenyewe. Kuna kitu alikuwa anaweza na sasa hawezi? Hapo dada akashindwa kujibu, nikajibu mimi: kucheka.

Walimfanyia kipimo cha umeme wa ubongo, kofia ya nyaya kwenye kichwa kidogo kama chungwa. Mistari iliyotoka haikuwa mistari, ilikuwa vurugu tupu, kama maandishi ya mtu anayeandika ndani ya daladala barabara ya vumbi. Ile shikamoo ilikuwa kifafa. Ni kifafa cha namna ya peke yake, cha watoto wachanga, ambacho mara nyingi huanza kati ya miezi mitatu na kumi na miwili. Kwa mpwa wangu walidhani kilitokana na ile saa aliyozaliwa bila kulia. Kwa wengine hutokana na kasoro ya ubongo tangu tumboni, au maambukizi, au ugonjwa wa kurithi, na wapo ambao sababu haionekani kabisa.

Ndipo daktari akasema, bila kujua anatuchoma: "Zamani Wazungu waliuita mitukutiko ya salaam."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Sisi watu wa Dar es Salaam tunaishi ndani ya neno hilo, tunaliona kwenye kila bango na kila risiti. Nikalitafuta. Na niliyemkuta mwisho wa njia ni baba mmoja.

Anaitwa William James West. Alikuwa daktari wa kawaida huko Tonbridge, mji mdogo wa Kent, Uingereza. Mwaka 1840 alipata mtoto wa kiume, James Edwin. Mtoto alikuwa mzima na mnene hadi alipofika miezi minne, kisha kichwa kikaanza kushuka mbele. Baba alijaribu kila kitu ambacho udaktari wa siku zile ulikuwa nacho: ruba wa kunyonya damu, maji ya baridi kichwani, dawa ya zebaki ya kuharisha, kuchanja ufizi wakidhani ni meno, afyuni. Ukitaka kuucheka moshi wa kinyesi cha tembo, kwanza isome orodha hiyo tena. Alimpeleka mtoto London kwa madaktari wakubwa. Mmoja wao, Sir Charles Clarke, alikuwa ameshaona watoto wachache wa namna hiyo, na kwa sababu ya kule kuinama aliita mitukutiko ya salaam. Waingereza walilichukua neno hilo India, kwenye heshima ya kuinama mbele ya wakubwa, na India ililipata kwa Waarabu kama tulivyolipata sisi. Yaani daktari bingwa wa London na mama muuza vitumbua wa Mbagala, karibu miaka 180 kati yao, walimwangalia mtoto mgonjwa wakaona kitu kimoja: adabu.

Mwanzoni mwa 1841 West aliandika barua kwa jarida la madaktari, The Lancet, nalo likaichapa Februari mwaka huo. Nimeisoma mara nyingi. Haina mbwembwe. Anasema kichwa kinashuka kuelekea magotini na kurudi, anasema ni mara ngapi kwa kila mfululizo, na mifululizo mingapi kwa siku. Anasema mtoto hacheki wala hajali kinachoendelea. Anataja dawa zilizoshindwa moja baada ya nyingine. Kisha anawauliza wasomaji kama kuna yeyote anayejua lolote. Hafichi kwamba mtoto huyo ni wake.

Hakujibiwa, si kwa maana iliyomfaa. West alifariki mwaka 1848. Mwanawe hakupata akili ya utu uzima, alifariki mwaka 1860 akiwa na miaka 20. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya ugonjwa ule iliandikwa na madaktari wawili wa Ubelgiji mwaka 1958, miaka 117 baada ya barua. Lakini waliopata dawa walikuwa wanajua wanachokitafuta kwa sababu mtu mmoja alikaa pembeni ya kitanda na kuhesabu. Siku hizi ugonjwa huo unaitwa kwa jina la West.

Mpwa wangu alipewa prednisolone, vidonge vya siku nyingi ambavyo watu wa pumu wanavijua. Dozi yake ni kubwa na si ya kuchezea. Mtoto alivimba mashavu, akawa na njaa ya ajabu na hasira za mzee aliyestaafu, na kila mara alipimwa presha. Dada aliendelea na njiti zake. Siku ya kwanza sitini na moja. Siku ya nne thelathini na tano. Siku ya saba nane. Siku ya tisa kopo lilikaa tupu kutwa, na usiku hatukulala, tukingoja. Kopo likabaki tupu.

Nisikudanganye, msomaji, hii si hadithi ya muujiza. Ugonjwa huu unakimbizana na ubongo unaojengwa, na kila wiki inayopotea inapotea kweli. Wapo wanaotibiwa mapema na bado haurudi nyuma. Mpwa wangu alitembea akiwa na miaka miwili na miezi minne. Maneno yake ni machache na mengine tunayaelewa sisi wa nyumbani tu. Mkono wa kushoto ni mvivu. Kuna watu mtaani hawataki watoto wao wale naye sahani moja, kwa sababu walisikia neno kifafa, na ndani ya kifafa masikio yetu yanasikia kufa. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa sahani. Hili nimelisema kibarazani kwa fundi cherehani hadi sauti imekauka, na nitaendelea kulisema. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, ila wakati mwingine anayeficha anafanya hivyo kwa sababu anawajua majirani zake.

Cheko lilirudi. Si lile la zamani. Hili linaanza upande mmoja wa mdomo, linafikiri, ndipo linahamia upande wa pili. Tunalingoja.

Kuna mambo mawili ya mkononi niyaseme kwa waliokaribia kuitwa mama na baba. Mtoto akikakamaa na kutikisika, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, angalia saa, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Kisha mpeleke hospitali, hasa kama ana homa. Na kama anainama au kujikunja kwa mfululizo, akitoka usingizini, bila kushtuliwa, au ameacha kufanya alichokuwa anakifanya, usingoje chupa ya gesi iishe. Piga video. Hesabu.

La pili ni kwenu wenzangu wa kurasa hizi, tunaobeba madaftari na kujiita waandishi. Tunapenda kutafuta neno zuri. Nani hapendi? Shikamoo lilikuwa neno zuri. Salaam ni neno zuri kuliko yote, hata jiji limepewa. Yote mawili yalimpita mtoto bila kumgusa. Waliomsaidia ni waliosema kichwa kimeshuka, mara ishirini na mbili, asubuhi, akiamka, na hacheki tena. Bibi yangu hajui kuandika hata jina lake. Dada aliishia darasa la saba. West aliandika barua moja tu ninayoijua. Nikishika kalamu siku hizi nawasikia wote watatu wananiuliza umeona nini, mara ngapi, saa ngapi, na nikianza kutafuta neno tamu kabla sijajibu, Bibi ananikatiza.